Vidonge vya Dada na Foleni ya Maziwa

Dada yangu alivunjika mkono asubuhi ya Jumanne, kwenye kijia kinachoteremka kutoka kwetu hadi barabarani, huko Tetu, akiwa amebeba mtungi wa maziwa. Hakuanguka vibaya. Aliteleza tu, akatanguliza kiganja kama mtu anayejisukuma kuinuka kitini, na mfupa wa juu kidogo ya kiganja ukakatika. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mimi nilikuwa mnadani Doldol nikiuza dawa ya minyoo ya mbuzi, na jirani aliponipigia simu nilisema kile ambacho kila mtu husema: "Mwambie pole, nakuja." Nilifika siku ya pili.

Ijumaa nilimpeleka Nyeri mjini plasta ikaangaliwe. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa magharibi mwa nchi kwa matamshi yake. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mama, ulianguka kutoka wapi? Juu ya mti?"

"Niliteleza tu, daktari. Hapo kwa njia."

"Kwa njia tu." Akaweka picha chini, akafungua faili. "Hapa wameandika ulifanyiwa upasuaji ukiwa na miaka thelathini na tisa. Walitoa kizazi pamoja na ovari zote mbili, kwa sababu ya uvimbe. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Na ukapewa vidonge vya estrojeni. Bado unameza?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Inaweza kuwa miaka nne."

"Kwa nini? Vilikuumiza kichwa? Miguu ilivimba?"

Dada hakunitazama. Alikuwa anatazama plasta yake. "Nilisahau tu," akasema.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mama, mtu husahau siku mbili. Anasahau miaka minne?"

"Kazi ya ng'ombe ni mingi, daktari."

Ukutani kulikuwa na picha ya kufundisha watu kunawa mikono. Niliisoma yote, hatua kwa hatua, na nilipomaliza nikaanza tena. Daktari alikuwa anaeleza kwamba hakuna anayeweza kuapa kuwa mkono ulivunjika kwa sababu ya kukosa vidonge, ila mwanamke akiondolewa ovari mapema na asipewe kitu cha kushika nafasi yake, mifupa huanza kuwa myepesi kabla ya wakati. Angetaka vipimo vya damu na vya mifupa kwanza, kisha waamue kama ataanza tena. Dada aliitikia kila neno. Hakusahau kamwe kumeza vidonge vile. Aliviacha kwa sababu yangu, na mbele ya daktari alinifunika kama mtu anavyofunika mtoto aliyejikojolea kanisani.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda Karatina, nikaenda Nanyuki, nikaenda Isiolo, nikarudi Nanyuki, nikapanda hadi Doldol. Kila nikiwa mbali naikumbuka Tetu mpaka kifua kinauma: moshi wa jikoni asubuhi, udongo mwekundu unaoshika viatu, ukungu ukikaa juu ya majani ya chai. Nikifika nyumbani, siku ya tatu miguu inaanza kuwasha. Dada hakuwahi kuondoka. Alimuuguza mama yetu hadi mwisho, akabaki na ng'ombe watatu na shamba, na kitanda changu akakiacha kimetandikwa miaka yote hiyo.

Mwaka ule wa vidonge nilikuwa nimeanza kazi ya kutembeza dawa za mifugo kwa pikipiki, za duka moja la Nanyuki. Walitupa mafunzo ya siku mbili. Mwalimu alitufundisha jinsi ng'ombe anavyodungwa homoni ili ashike mimba kwa wakati, na jinsi zamani wafugaji wa nchi za mbali walivyowapa ng'ombe na kuku homoni ya kike ya kutengenezwa viwandani ili wanenepe haraka, mpaka ikapigwa marufuku kwa kuwa ilibaki kwenye nyama na ilijulikana kuleta saratani. Akatuchekesha kwa kusema kwamba dawa ya estrojeni ya wanawake kwa miaka mingi ilikamuliwa kutoka kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Niliyaandika yote kwenye daftari. Nilitoka pale nikijiona nusu daktari.

Wiki hiyo nilipita nyumbani. Dada alikuwa amepona mshono. Alinionyesha vidonge, alivyokuwa amevificha ndani ya kopo la kakao juu ya kabati la vyombo.

"Hivi ndivyo vinanifanya nilale," akaniambia. "Kabla ya hivi, mwana wa maitu, nilikuwa nawaka. Usiku nalowa kama nimenyeshewa. Nakaa kwa kitanda nalia, na sijui ni nini nalilia."

Mwana wa maitu, mtoto wa mama yangu. Aliniita hivyo tu alipokuwa akiniambia kitu asichomwambia mwingine.

"Na huko nje?" nikauliza.

"Huko nje wanajua nilitolewa kidole tumbo tu. Usiniharibie. Mambo ya kizazi si ya kituo cha maziwa."

Nilimwahidi.

Kituo chetu cha maziwa ni kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Giakanja. Watu hupanga foleni na mitungi yao, karani hupima, kisha maziwa yote humwagwa kwenye tangi moja na lori huja kuyachukua. Ndiyo maana kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: ng'ombe akidungwa sindano, maziwa yake hayaingii tangini mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Mtungi mmoja ukiwa na dawa, kiwanda kinarudisha tangi zima, na kijiji kizima kinalala na hasara. Sisi tulikuwa na desturi yetu juu ya hiyo sheria. Mwenye ng'ombe aliye kwenye dawa lakini ana wengine wazima hufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi, ili karani aupime kando kwanza. Mtu akijifungia mwenyewe ni heshima. Kufungiwa na mwingine ni aibu.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza dada hadi njia panda, yeye akarudi kukata nyasi, mimi nikabeba mtungi hadi kituoni. Walinipokea kwa kelele.

"Mtu wa Doldol amekuja! Umetuletea mbuzi ama umetuletea maneno?"

"Siku hizi ni daktari," mwingine akasema. "Ameenda semina."

"Daktari wa nini na hana ng'ombe?"

"Anayo. Ile ya magurudumu mawili."

"Ikikohoa anaibadilisha plagi!"

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini kulikuwa na kitu kimechoma. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina boma, sina mke, na mtungi nilioushika ulikuwa wa dada yangu. Mbele yangu jirani mmoja alikuwa anabishana na karani, kwamba ng'ombe wake alimaliza dawa ya kiwele juzi na karani amekataa maziwa bure. Hapo ndipo nilipoona nafasi ya kuonyesha nilichonacho.

"Nyinyi mnasumbua ng'ombe," nikasema kwa sauti ya kufundisha. "Na wanaokamua, mnawauliza? Kuna wanawake wanameza homoni kila siku. Homoni kali, ya mkojo wa farasi. Zile walipewa ng'ombe huko ng'ambo nyama ikakatazwa. Zinatoka kwa jasho, kwa mikono. Na mikono iko kwa chuchu ya ng'ombe asubuhi na jioni."

Waliokuwa mbele waligeuka, karani akaacha kupima. Hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza hivyo tangu nizaliwe.

"Wacha uongo," mama mmoja akasema.

"Si uongo. Nimesoma."

"Wanawake gani? Wa huku?"

Ningeweza kusema wa Nairobi. Ningeweza kusema sijui.

"Hata kwetu," nikasema.

Nikatazama mtungi niliokuwa nimeushika, na wote wakautazama.

Haikuwa kweli, kwanza. Vidonge humezwa, havipakwi, na mikono ya dada yangu haikuwa na chochote isipokuwa mafuta ya kukamulia. Nilikuwa nimechukua vipande vitatu vya mambo niliyoyaandika kwenye daftari nikavishona pamoja kwa ulimi wangu. Lakini niliyasema kwa lugha ya kituo, lugha ya dawa na tangi, na mtu wa maziwa akisikia dawa na tangi, haulizi tena.

Kesho yake niliondoka. Miguu ilikuwa inawasha.

Yaliyofuata niliyasikia kwa vipande. Karani, mzee mpole wa kofia ya sufu, ndiye aliyemwita dada kando. Hakumtukana. Alimpa kitambaa chekundu, akamwambia, "Mama, ni kwa muda tu. Hawa watu wanaogopa." Siku sita dada alisimama nyuma ya foleni na kitambaa kwenye mtungi, na siku sita maziwa yake yalikataliwa, akarudi nayo nyumbani, akawapa ndama na nguruwe wa jirani. Wanawake walimwuliza kama ni kweli hana kizazi. Wengine walimwuliza kwa kumhurumia, jambo ambalo alisema lilikuwa baya zaidi. Siku ya saba alimwaga vidonge chooni, akaenda kumwambia karani, "Nimeacha," na maziwa yake yakapokelewa.

Nilirudi Julai. Tetu ya Julai ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilimkuta dada ameketi nje kwenye kigogo, amevaa blauzi nyepesi, ameweka leso iliyoloweshwa maji shingoni, uso mwekundu, anajipepea kwa jani la kabichi. Nilimwuliza kama anaumwa.

"Inapita," akasema.

Nilielewa yote pale pale. Nilingoja anilaumu na hakunilaumu, na namna nilivyofarijika siwezi kuiandika bila kusimama kidogo. Niliingia ndani nikanywa uji. Kopo la kakao halikuwa juu ya kabati. Miaka minne nilikuja na kuondoka, nikamwona anavyolala vibaya, anavyokasirika bure na kuomba msamaha, anavyoshika kiuno akiinuka kutoka kwenye kigoda cha kukamulia, na kila mara nikapata sababu ya kwenda.

Siku ile ya hospitali nilimwacha dada kwenye benchi nikaenda dukani kununua dawa ya maumivu. Mwenye duka la dawa ni mama Mwislamu ambaye wazazi wa babu zake walifika Nyeri kufanya biashara wakabaki. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha sisi wote. Sijui kilichonisukuma. Nilimwuliza kama ni kweli estrojeni ni mkojo wa farasi.

"Nani anauliza?" akasema. "Wewe au mkeo?"

"Dada yangu."

"Na dada yako mwenyewe hana mdomo?"

Alinihurumia nadhani, maana aliegemea kaunta akaanza kunieleza kama mtu anayesimulia habari za ukoo.

Zamani, alisema, madaktari waliona kwamba mwanamke aliyetolewa ovari huanza kuungua mwili na kukosa usingizi hata akiwa kijana. Wakabahatisha. Wakachukua ovari za wanyama kutoka machinjioni, wakazikausha, wakawapa wagonjwa wameze, na hazikusaidia sana. Baadaye watu wa maabara walipata njia ya kukamua ile homoni yenyewe kutoka kwenye mkojo wa wajawazito, kisha wa farasi wenye mimba, kwa sababu farasi hutoa mwingi. "Hata jina lake limetoka kwa mnyama," akasema. "Wagiriki wana neno la nzi yule anayewauma ng'ombe wakakimbia ovyo. Waliona jike akiwa kwenye joto anafanana hivyo. Jina lilitolewa na wanaume, unajua."

"Kwa hivyo ni kweli. Ni mkojo."

"Kuna vya farasi na kuna vinavyotengenezwa kutoka kwa mimea. Vya siku hizi hapa kwangu vingi ni vya mimea. Lakini hata vya farasi, ndugu yangu, vimesafishwa. Wewe unakula mboga. Shambani umeweka nini?"

"Samadi."

"Haya."

Kisha akaniambia sehemu ambayo haikuwa kwenye daftari langu. Kwamba madaktari wenyewe walikosea, tena sana. Kulikuwa na estrojeni ya kutengenezwa waliyowapa wajawazito wakidhani itazuia mimba kutoka. Haikuzuia, na baadhi ya mabinti waliozaliwa waliugua saratani walipokua. Ndiyo hiyo hiyo waliyolishwa ng'ombe. Kwamba wakati fulani vidonge viliuzwa kama dawa ya kubaki msichana milele, wakapewa wanawake wenye vizazi bila homoni ya pili ya kuwalinda, na saratani ya kizazi ikaongezeka. Kwamba baadaye ukaja utafiti mkubwa uliotisha dunia, wanawake wakavitupa vidonge usiku mmoja, hata wale waliovihitaji. Ikabidi wataalamu warudi wakaangalie upya, kwa umri, kwa hali ya kila mmoja.

"Aliyeondolewa ovari mapema ni mwingine kabisa," akasema. "Yeye hajaribu kuwa msichana. Anarudishiwa kilichotolewa. Dada yako ni wa namna hiyo?"

"Ni wa namna hiyo."

"Basi aliyemwambia aache ni nani? Daktari?"

Nilimlipa nikachukua dawa. Nilipofika mlangoni nikageuka nikasema, "Ni mimi." Alikuwa tayari anahudumia mteja mwingine. Sijui kama alisikia.

Jumatatu nilibeba mtungi kwenda kituoni. Nilikuwa nimejiandaa tangu Ijumaa. Foleni ilipokuwa ndefu nilisimama kando ya kibanda nikasema kwa sauti kwamba miaka minne iliyopita nilisema uongo hapa. Kwamba vidonge vya dada yangu havikuwa na njia yoyote ya kufika kwenye maziwa. Kwamba aliviacha kwa sababu ya kitambaa, na kitambaa kilitoka mdomoni mwangu, na sasa mifupa yake imekuwa ya ajuza.

Walinitazama. Karani alivua kofia akaivaa tena.

"Si wewe ulisema umesoma?" mama yule yule akauliza.

"Nilisoma vibaya."

"Na sasa umesoma vizuri?" mwanamume mmoja akasema nyuma. "Kesho utatuambia nini?"

Wachache walicheka. Hakuna aliyenitukana. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikifikiri nimefanya jambo zito, na nikamkuta dada mlangoni. Jirani alikuwa amenitangulia kwa simu.

"Umesimama mbele ya watu," akasema, "ukawaambia habari ya mifupa yangu."

"Nilitaka kurekebisha."

"Uliniuliza?"

Nikaweka mtungi chini.

"Ile mara ya kwanza hukuniuliza. Leo hukuniuliza. Kuna watu walikuwa wameshasahau. Kuna wengine wameolewa huku juzi, hawakujua kitu. Sasa wote wanajua niko bila kizazi, na niko na mifupa ya ajuza. Ni neno lako hilo? Ajuza?"

"Ni langu."

"Ulitaka wakuone umetubu." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuambia siri moja katika maisha yangu. Wewe umeitangaza mara mbili."

Kwa mara ya kwanza tangu tuwe watoto niliona machozi yake bila msiba wowote. Nilimwuliza anataka nifanye nini. Nilitaka aseme niondoke, kusema kweli. Hilo ningeliweza.

"Kamua," akasema. "Mimi sina mkono."

Nilikaa wiki sita. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, ng'ombe wakubwa walinipiga teke, na yule mdogo alikataa kuachia maziwa mpaka dada aje asimame kando yake amwimbie. Nilijifunza kumchemshia maji ya kuoga na kumfunga vifungo vya sweta nikitazama pembeni. Majibu ya vipimo yalipotoka tulienda pamoja. Alipoitwa, aliniambia nikae kwenye benchi, nikakaa. Alitoka na karatasi ameikunja mara nyingi. Sikuuliza. Njiani, tukipita duka la dawa, alisema "ngoja hapa," akaingia peke yake.

Asubuhi iliyofuata aliniambia anakuja kituoni. Mkono ulikuwa bado na plasta. Nilitembea nyuma yake na mtungi. Foleni ilimfungulia nafasi mbele, akakataa, akasimama zamu yake. Alipofika kwa karani aliongea kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alisikia.

"Nimeanza tena dawa zangu. Nimemeza moja leo asubuhi. Kama kuna mtu ana swali, aniulize mimi, si huyu. Pima maziwa."

Karani alichovya kipimo chake, akangoja kitulie, akasoma. Akamwaga maziwa kwenye chujio, yakaingia tangini na ya wengine.

"Mama," akasema, "ile siku ya kitambaa..."

"Andika kilo," dada akamjibu.

Karani akaandika. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma, na watu walikuwa wananitazama wakingoja niseme kitu. Niliokota mtungi mtupu, nikaenda kuusuuza bombani.